Bastola ya Kumlaza Mzee

Miaka ile nilipokuwa dereva Riyadh, mwajiri wangu aliamini kwamba mtu aliyesoma historia chuo kikuu lazima awe anajua silaha. Sikumkatalia. Wakala wangu wa Nairobi alikuwa ameniambia niifiche shahada yangu, kwa sababu matajiri hawataki dereva anayefikiri, nami nikaificha hadi mpishi alipoitoa hadharani. Mpishi alikuwa mama wa Mombasa, aliyekaa katika nyumba ile ya Al-Malqa muda mrefu kuliko mazulia. Aliposikia bosi akiuliza nani atampeleka mzee Jeddah kuchagua bastola, akamwambia dereva ni profesa.

"Wa nini?" bosi akauliza.

"Wa mambo ya kale, baba. Vita na nini."

Kuanzia siku hiyo jikoni sikuitwa jina lingine.

Mzee alikuwa baba yake bosi. Tangu mkewe afariki, usingizi ulikuwa umemhama. Daktari alimpa vidonge, akavitia kwenye chungu cha maua. Madam, mke wa bosi, akamnunulia godoro jipya, naye akasema ni zuri, akaendelea kukaa juu yake macho wazi. Mchana nilikuwa nikimzungusha na gari, macho yamemzama, akitazama majengo kama mtu anayetafuta mlango aliouacha.

Siku moja akaniambia anachotaka. Alikulia Manfuha, katika nyumba ya udongo, zamani kabla mtaa ule haujawa wa wageni maskini kama sisi. Manfuha niliijua: ndiko nilikokwenda Ijumaa kula ugali na Wakenya wenzangu, baadhi yao wasio na ikama, kile kibali cha ukaazi. Baba yake alikuwa na bastola ya silinda, ile ya kizamani inayoshindiliwa baruti nyeusi na risasi kwa mbele. Hata wakati huo ilikuwa imezeeka, na baruti haikuwepo. Kila jioni alikaa mlangoni akiizungusha silinda kwa kidole gumba, na watoto wakalala kwa mlio huo mmoja baada ya mwingine. Kisha mvua ikaangusha nyumba, na bastola ikapotelea kwenye tope. Mzee alikuwa amesikia kwamba kuna nakala mpya zinazoundwa Italia, na kwamba Jeddah yuko mtu anayeziuza. Alitaka moja, aisikie, alale.

Bosi alielewa nusu. Alielewa bastola, akaelewa na kabati la vioo ambamo ingekaa majlisi, chumba cha kupokelea wageni. "Nakala iliyo bora," akaniagiza. "Wasimuuzie takataka. Wewe umesoma."

"Sawa, bosi."

Basi nikasoma. Nilisoma kwenye simu nje ya shule nikingoja watoto wa bosi, kiyoyozi kikinguruma, kwa bidii ambayo wahadhiri wangu hawakuwahi kuiona. Nikajifunza kwamba fremu ya chuma ni bora kuliko ya shaba, maana shaba hutanuka kadiri silaha inavyotumika. Kwamba ukivuta nyundo, kile kichwa cha nyuma kinachogonga, hadi mwisho, silinda inatakiwa ikae imara, isicheze hata kidogo, na kila tundu lilingane sawasawa na mtutu. Kwamba mbao za mpini zikutane na chuma bila nafasi ya kupitisha ukucha, na vichwa vya skrubu visiwe vimetafunwa. Mimi, ambaye silaha niliyowahi kuikaribia zaidi ni ya askari wa benki kule Nakuru, nikaanza kuwaeleza watu wa Manfuha tofauti ya chuma na shaba. Walinisikiliza kwa huruma.

Njia ya Jeddah ni ndefu na imenyooka, na baada ya muda haina tena kitu cha kukwambia. Lami mbele yetu ililowa maji yasiyokuwepo. Ngamia walisimama mbali kama fanicha iliyosahauliwa na watu waliohama. Mzee alikaa nyuma akizungusha kidole gumba hewani, na mara kwa mara nilidhani ni mimi ninayeota, kwamba nitazinduka Nakuru nisikie cherehani ya mama chumba cha pili. Mama alishona sare za shule. Ile mashine ilikuwa na kasoro, iliruka mshono kila baada ya muda, na nilipokuwa mtoto nililala nikiungoja mruko ule. Nilipopata kazi nikamnunulia cherehani mpya isiyo na kasoro. Nilipokwenda likizo kwake, sikulala vizuri.

Muuzaji alikuwa na chumba ghorofani Sharafiya, juu ya maduka ya simu. Mwanamume mnene, wazee wake wa Hadhramaut, yeye mzaliwa wa Unguja. Alipojua natoka Kenya akahamia Kiswahili, akimwacha mzee na kahawa yake.

"Huyu mzee wako ataka nini khasa? Ya kutundika au ya kupiga?"

"Ya kusikiliza."

Akanitazama. "Nyie watu wa bara, Kiswahili chenu kama mawe. Ya kufanyaje?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akaenda kuosha mikono, akarudi na visanduku vyake vya mbao, akatandika kitambaa cha kijani mezani. Bastola zake zote, alisema, matundu ya moto yamezibwa. Hazitoi hata moshi. Nikavaa miwani. Ulikuwa mtihani wangu. Nikavuta nyundo, nikatikisa silinda, nikachungulia mtutu dhidi ya mwanga wa dirisha, nikapitisha ukucha kwenye mpini.

"Maashallah," akasema. "Umejifunzia wapi?"

"Kwenye maegesho."

Nikachagua moja ya fremu ya chuma, bluu iliyokolea, silinda imekaa kama jino. Nikavuta nyundo nusu, kwa sababu hapo ndipo silinda huzunguka huru, nikamkabidhi mzee. Akafumba macho, akazungusha. Mlio ulikuwa safi, mkavu, kama saa ya ghali.

"Mafi," akasema, yaani hamna.

Nikampa nyingine. Mafi. Nikampa ya tatu, iliyo bora kuliko zote, nikaanza kumweleza ubora wake kwa Kiarabu changu cha yalla na halas, akaniinulia kiganja kwa upole. Nikaona mabega yake yakishuka. Tulikuwa tumekuja mbali mno kurudi na masikio matupu.

Muuzaji akavuta droo atafute nyingine, na humo ndani kitu kikateleza na kugonga mbao. Mzee akafumbua macho.

"Hiyo," akasema.

"Hiyo siyo ya kuuza," muuzaji akaniambia kwa Kiswahili. "Mwambie. Ya shaba, imelegea, spiringi imechoka. Naitoa vipuri tu. Nitaona haya."

Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono. Ilikuwa na kila dosari niliyoisoma: mpini una mwanya, skrubu zimetafunwa, silinda inacheza kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Akaizungusha. Ilitoa mlio mzito, wenye kusitasita, na katika kila mzunguko kulikuwa na tundu moja lililoruka. Tk, tk, tk, kimya, tk. Akarudia. Muuzaji akanitazama mimi, msomi, aliyeagizwa takataka zisiuzwe.

"Hii hii," nikasema.

"Wewe dereva, utafukuzwa."

"Ifunge."

Hakuifunga, maana mzee hakuiachia. Tukaondoka asubuhi iliyofuata, yeye nyuma na bastola mapajani, mlio wake ukichanganyika na wa matairi. Tulipomaliza kupanda milima ya Taif, mlio ukawa wa polepole, kisha ukakoma. Nikatazama kwenye kioo. Kidevu kilikuwa kifuani, mdomo wazi, kilemba kimepinda.

Sikuthubutu kusimama. Nilipita kituo cha mafuta, nikapita kingine, nikiogopa kwamba gari likitulia ataamka, hadi taa nyekundu ya tangi ikaniamulia. Niliposimama, kope zake zikaanza kutikisika. Nikageuka kwenye kiti, nikapeleka mkono wangu mapajani mwake, nikaanza kuizungusha silinda mwenyewe. Kope zikatulia. Kijana wa pampu, Mbangladeshi, akaja dirishani, akaona bastola, mzee aliyelala na dereva aliyejikunja, akarudi nyuma hatua. Nikamwekea kidole mdomoni, kisha nikaonyesha tangi.

Simu ikatetemeka. Bosi.

"Umepata nzuri?"

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba nimepata.

"Chuma?"

"Shaba, bosi."

"Imekaza?"

"Haijakaza."

Nikajiona nimeshafika Nairobi, nikimtafuta wakala yule nimwombe radhi.

"Sasa kwa nini…" akaanza.

"Mzee amelala, bosi."

"Amelala?"

"Tangu Taif."

 Kidole changu kiliendelea kuzungusha, kikaruka pale inaporuka, kikaendelea. Kijana wa pampu alikuwa ameegemea gari, naye anasikiliza.

"Hiyo sauti ni ya nini?" bosi akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Basi usiiache," akasema, na hakukata simu.