Nilisema Ni Mkubwa

Mume wangu alimleta Mkanda ndani ya soksi. Alikuwa dereva wa lori, na bosi mmoja aliyekuwa akihama alimgawia mtoto wa nyoka kama mtu anavyogawa masufuria yaliyobaki. "Mfugie hapo chumba cha pasi," akaniambia, "anapenda joto." Kama mimi nampenda nyoka, hakuuliza. Katika ndoa ya miaka ishirini na sita sikumbuki jambo aliloniuliza kwanza, isipokuwa chakula kiko wapi.

Mimi ni dobi. Nafua uani, napiga pasi chumba cha mbele, na nguo za kila mteja nazitia alama ya uzi kwenye ukosi, maana shule niliishia darasa la pili na majina marefu yananichosha. Mwalimu uzi mwekundu, muuza dawa uzi wa kijani. Nyoka tulimweka kwenye kabati la vioo lililokuwa la vyombo, kando ya meza ya pasi. Siku ya tatu akatoroka, akajilaza juu ya suruali za mwalimu. Mwalimu mwenyewe akaingia kuchukua nguo.

"Mama Dobi, huu mkanda si wangu," akasema, akaunyanyua.

Mkanda ukamtolea ulimi. Tangu siku hiyo mwalimu hupokelea nguo zake dirishani, na nyoka akabaki na jina hilo.

Majirani walimwita chatu. Si chatu. Hilo nilifundishwa na Bwana Nyoka, mzee anayefuga nyoka bustanini kwake na kuwaonyesha wanafunzi. Chatu hutaga mayai. Huyu wa kwetu ni boa, wa nchi za mbali, hubeba watoto tumboni mpaka wazaliwe wazima. Bwana Nyoka alikuja kumtazama mara moja tu, Mkanda akiwa bado mwembamba kama kidole.

"Jike huyu," alisema. "Mlishe kwa kiasi, mama. Panya mmoja kila wiki mbili. Wapo wanaowajaza chakula ili wakue upesi, wawapandishe dume mapema. Mwili unakua, ndani bado. Jike ni miaka mitatu na nusu, minne ndiyo vizuri zaidi. Usidanganywe na unene."

Nilimsikia vizuri. Kisha nikafanya yangu.

Mwaka huohuo mume wangu alihamia kwa msusi wa mtaa wa pili. Hakuaga. Alianza kwa kulala huko siku moja moja, mashati yake yakapungua kwenye kamba, mpaka asubuhi moja nikaona nimeanika nguo za wateja tu. Msusi alikuwa na mimba. Watu walikuja kunieleza sababu kana kwamba mimi siijui: mwanamume anataka mtoto.

Nyumba ikawa kimya, nasikia maji yakichemka tu. Wanawake wengine wanapoachwa hupika. Mimi nilitega panya. Mkanda nikampa panya kila wiki, halafu kila siku ya nne, halafu sungura wachanga. Nikifungua kabati alikuwa akija mwenyewe, ananizunguka mkono uliochoka na pasi, anatulia. Akanenepa kama unga uliotiwa hamira. Alipita urefu wa meza yangu, akawa mnene kama paja. Umri wake niliujua bila karatasi: aliletwa wiki aliyozaliwa mjukuu wa jirani yangu, na mjukuu huyo alikuwa bado anabebwa mgongoni, anajiita "Totoo" kwa kushindwa jina lake.

Basi siku moja mume wangu alipita barabarani, akachungulia dirishani.

"Ala! Huyu ndiye Mkanda?"

"Wewe ulidhani nani, mkeo?"

Akacheka. Akaingia, akasimama mbele ya kabati, nikaona macho yake yamepata kazi. Watoto wa boa wana wanunuzi, akasema. Bwana Nyoka ana dume. Tukimpandisha Mkanda, watoto tutagawana na mzee.

Nikamwambia nitafikiri. Kesho yake akarudi. Akakaa kwenye stuli yake ileile karibu na mlango, akaomba chai. "Kwako chai inakuwa chai," akasema. "Kule nakunywa maji ya moto." Kesho kutwa akaja tena, akanikazia mguu wa meza uliokuwa ukilegalega tangu aondoke. Nilijua kinachomleta hakikuwa mimi. Lakini mtu anaweza kujua hivyo na bado akaongeza sukari.

Siku ya nne akampigia Bwana Nyoka, simu ikiwa juu ya meza ya pasi, sauti wazi.

"Ni mkubwa?" mzee akauliza.

"Mkubwa, mzee wangu! Kabati halimtoshi."

"Wewe sikuulizi, wewe ni mpita njia. Mpe mama, yeye ndiye mlezi."

Simu ikaletwa mdomoni kwangu.

"Mama, mimi mguu wangu una kidonda, siwezi kuja. Nyoka wa watu ninaowaona ni wengi, wako simkumbuki alianza lini. Niambie wewe. Ni mkubwa kweli?"

Neno hilo nalifahamu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimelelewa na shangazi, mrefu kuliko wasichana wote wa rika langu, nimejaa kifua na nyonga. Ndugu wa huyu mume wangu walikuja wakauliza, "Ni mkubwa?" Shangazi akasema, "Mkubwa, mnamwona." Walinipima kwa macho, hakuna aliyeuliza miaka. Mwaka haukuisha nikawa kwenye kitanda cha wodi ya wazazi, siku mbili na nusu, mtoto akatoka amekufa, na muuguzi akanieleza taratibu kwamba nisitegemee mwingine. Mwili ulikuwa mkubwa, ndani bado. Na mwanamume aliyenioa katika ukubwa huo ndiye aliyeniacha kwa sababu sizai.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, simu iko mdomoni. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: miaka miwili unusu. Mume wangu alikuwa ameshika kikombe, ananitazama, hajanitazama hivyo kwa miaka. Nikisema, atamaliza chai yake na kwenda.

"Mkubwa," nikasema.

Dume aliletwa ndani ya mfuko wa nguo. Alikuwa mdogo kuliko Mkanda, mwembamba, mtulivu. Tukawaweka pamoja majira ya baridi, na kwa wiki tano mume wangu alikuja kila siku. Alikuwa akichungulia kabatini, anapiga makofi, anasema, "Wamesukana kama nywele!" Kumsikia akitaja nywele kulinichoma, lakini nilicheka. Niliwahi hata kumpigia pasi shati.

Dume aliporudishwa kwao, ziara zikawa za mara moja kwa wiki. Mkanda alipoanza kukataa chakula na kulala ubavu karibu na taa ya kumtia joto, dalili kwamba amebeba, mume wangu alisema, "Safi sana," akawa haji kabisa. Anasubiri mavuno. Nikabaki mimi na Mkanda. Nilikuwa nikimpapasa tumbo na kumwambia samahani kila asubuhi, kama vile nyoka anajua samahani ni nini.

Alizaa asubuhi, nikipiga pasi koti la muuza dawa. Nilisikia anajigonga kwenye kioo. Kwanza yalitoka madonge ya njano, mayai yaliyooza tumboni bila kugeuka watoto, mengi, kama vipande vya sabuni ya mche. Katikati yao wakatoka watoto saba hai, wamefungwa kwenye ngozi laini, wakaipasua wenyewe. Kisha akaendelea kusukuma na hakuna kilichotoka. Nilimpigia mume wangu. Akapokea msusi.

"Anaoga," akasema.

"Mwambie nyoka wake anakufa."

"Nyoka wake? Mbona kwangu alisema ni wako?"

Bwana Nyoka alikuja kwa mkongojo, kidonda hakijapona vizuri. Alipiga magoti mbele ya kabati na kumpapasa Mkanda kwa vidole viwili, polepole, kuanzia shingoni. Alipofika chini vidole vikasimama hapo hapo. Kuna mtoto amekwama, akasema, na mama hana nguvu. Tulimweka kwenye maji ya uvuguvugu, kwenye beseni langu la kufulia. Mzee alijaribu alichojua. Siku ya pili adhuhuri Mkanda alilegea mikononi mwangu, na uzito wake ukawa mwingine kabisa, kama wa nguo iliyotoka majini.

Mume wangu aliingia jioni ile, na kasha lenye matundu. Alimtazama Mkanda ndani ya beseni, akasema pole, akageukia watoto.

"Saba tu?"

Bwana Nyoka alikuwa ameketi kwenye stuli, mguu ameunyoosha. "Huyu alikuwa na umri gani?" akauliza.

"Mzee, sisi tulisema mkubwa kwa maana ya mwili," mume wangu akasema haraka. "Wewe ukaelewa miaka. Lugha tu imetuchanganya, hakuna mwenye kosa."

Mzee akatikisa kichwa, akajifuta uso. "Basi kosa ni langu," akasema. "Ningeuliza miaka. Nimefuga nyoka maisha yangu yote, na nimeuliza kama mchuuzi wa sokoni. Nisamehe, mama."

Hapo ningenyamaza, jambo lingeisha. Mume wangu alinikonyeza ninyamaze. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuwa na siri moja.

"Hukukosea," nikamwambia mzee. "Uliwahi kunifundisha mwenyewe: mitatu na nusu, minne. Uliponiuliza nilijua unauliza miaka. Nilikuwa na jibu."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nilitaka huyu aendelee kuja."

Mzee aliegemea mkongojo, akainuka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kisha akasema watoto hawa hawawezi kukaa hapa, na nikasema ndiyo. Akawaingiza mmoja mmoja kwenye mfuko wake. Mume wangu akaanza kudai fungu lake, akimfuata hadi mlangoni, kasha tupu kwapani.

Pale kizingitini alisimama, akageuka kunitazama, anasubiri nimwambie arudi akae. Nilimwona vizuri. Nikachukua beseni, nikaenda nalo uani, nikaufunga mlango wa nyuma kwa upande wa uani. Haikuwa ngumu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: haikuwa ngumu hata kidogo, na miezi saba kabla yake niliona siwezi kumwacha aende.