Jumapili Ambayo Mama Faida Hakuoka Mkate

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo miaka imeshindwa kuninyang'anya. Nilikuwa msichana, sijaolewa, na kanisa letu kule Giteranyi, kaskazini mwa Burundi, lilikuwa limejaa mpaka watu wengine wamekaa madirishani. Meza ya Bwana ilitandikwa kitambaa cheupe. Pasteri akanyoosha mkono kuchukua kapu la mkate, akalifunua, akabaki ameliangalia. Kapu lilikuwa tupu.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi, tulipotoka ibadani hapa Gitega, uliniuliza swali zuri. Ulisema, "Bibi, makanisa yamekuwa mengi. Mtu atajuaje lipi lina afya ya kiroho?" Na kabla sijafungua mdomo ukaanza kujijibu mwenyewe: lile lenye korali kubwa, lile ambalo spika zake zinasikika mpaka sokoni, lile ambalo watu wanaanguka wakiombewa. Nilinyamaza kwa sababu mmoja wa wazee wa kanisa alikuwa amesimama karibu, na huyo ameniomba zaidi ya mara moja niache kuwasimulia vijana habari za kapu lile. Anasema zinaleta mgawanyiko. Nadhani alipoona nimenyamaza alifurahi, akajua nimetii. Sikutii. Nilikuwa nangoja tukae vizuri, nikueleze tangu mwanzo.

Wakati wa vita baba yangu alituvusha mpaka wa nchi, akatuingiza Tanzania, mimi na mama, na huko kambini ndiko alikofia. Ndiyo maana Kiswahili changu kina lafudhi ya huko, hata wewe hunicheka. Tuliporudi nyumbani tulikuwa wawili, na godoro, na bidoni, dumu la maji, na plastiki za kambini. Shamba letu lilikuwa pale pale chini ya barabara: migomba upande wa juu, kahawa upande wa chini, na ule ua wa miti ya miyenzi alioupanda babu yangu kuonyesha mpaka. Aliyekuwa akililima alikuwa Mzee Zakaria, jirani yetu, mzee wa kanisa.

Usimfikirie kuwa mtu wa kutisha. Alitupokea kwa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Alimkumbatia mama, akatupa chumba nyuma ya jiko lake, mkewe Debora akatupikia maharage na ndizi, tukala tukashiba. Baada ya siku chache akatuletea majembe mawili. "Kuna kazi kwenye kahawa," akasema kwa upole. "Njooni, msikae bure." Mama akashika jembe, akaenda kupalilia kahawa aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe pamoja na mumewe. Akaipalilia kama kibarua.

Jumapili ikafika. Mzee Zakaria akasimama mbele ya watu wote kutuombea. "Baba, wabariki wageni hawa uliotuletea." Kanisa zima likaitika amina. Wageni! Kutoka mlango wa kanisa lile ungeweza kuona mahali nilipozaliwa. Na watu waliotuzunguka kwenye mabenchi walikuwa wale wale waliokuja kumpongeza mama nilipozaliwa. Walijua. Baada ya ibada walikuja kutushika mikono, wakasema tumebahatika kumpata mtu mwema kama Mzee Zakaria.

Mama alikwenda kwa Pasteri Elie. Naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana tu, ana watoto wengi wadogo, na nyumba aliyoishi na mabati ya paa la kanisa vyote vilitoka kwa Mzee Zakaria. Akamsikiliza mama mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, samehe. Kanisa limeanza tu kuungana baada ya vita. Tukigusa mambo ya mashamba litapasuka." Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya msamaha. Muda wote alikuwa anatazama benchi letu.

Sasa nikwambie habari za Mama Faida. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mkimbizi, mjane, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Alikuwa na tanuri alilolitengeneza kwa pipa, anaoka mikate na kuipeleka soko la Gashoho kwa baiskeli ya kukodi. Chumba alichopanga kilikuwa cha Mzee Zakaria. Mkate wa meza ya Bwana ulikuwa kazi yake, hakuna aliyemlazimisha, alisema ni shukrani yake. Mimi nilipenda kwenda kumsaidia kukanda unga jioni, kwa sababu kwake nilicheka.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ile sikucheka. Nilimwambia sirudi tena kanisani. Kilima cha pili kulikuwa na kanisa jingine, nitasali huko, au nitakaa nyumbani niombe peke yangu. Hakuacha kukanda.

"We unataka kukimbia?"

"Sikimbii, Mama Faida. Nahama."

"Ni kukimbia. Mi najua kukimbia, nilikimbiaka kutoka Uvira mpaka hapa, najua vile inaanzaka. Weye ukitoka, benchi yenu itabaki wazi, na bale batu batasema Mungu asifiwe, sasa amani iko." Akaupiga unga kofi. "Kanisa iko ya nani? Iko ya Zakaria?"

"Ni ya Mungu."

"Basi ju ya nini unamuachia?"

Alinawa mikono, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Nikamfuata mpaka kwenye ua wa Mzee Zakaria, nikasimama nje. Alimkuta amekaa barazani peke yake, na nilisikia kila neno. Hakumpigia kelele. Alimwambia shamba lile si lake, na kwamba mtoto wa marehemu analimishwa mali ya baba yake, na kwamba amekuja kumwambia peke yake kwanza, ili asiaibike.

Mzee Zakaria alimsikiliza kwa heshima kubwa. Kisha akasema, "Mama Faida, wewe ni mgeni hapa. Hujui mambo ya kilima hiki. Hata mahali unapolala ni kwangu."

"Najua, Mzee. Sijasahau."

Kutoka hapo akaenda kwa pasteri. Pasteri akamwambia avumilie, wakati wa Mungu haujafika. Tulirudi kwa Mama Faida tukaoka mikate ya soko. Nilipomuuliza mkate wa kesho kanisani tunauoka saa ngapi, akaniambia nirudi nyumbani nikalale.

Ndiyo maana nasema Jumapili ile kapu lilikuwa tupu. Pasteri Elie aligeuka akamtafuta kwa macho. "Mama Faida, mkate uko wapi?"

Akasimama pale pale alipokuwa, katikati ya akina mama. "Mkate hakuna, Pasteri. Unga iko. Kuni ziko. Hii mikono yangu iko. Lakini siwezi kutengeneza mkate ya mwili wa Bwana, tuikule pamoja na huyu mama na mtoto wake, na kesho asubuhi tunabapatia jembe balime shamba yabo kama bibarua."

Pasteri akasema kwa sauti ya chini, "Mama, keti. Haya si mambo ya meza."

"Iko mambo ya meza kabisa! Ya wapi ingine?"

Mzee Zakaria hakugeuza hata kichwa. Alimwita kijana mmoja wa korali, akamtuma akanunue mkate dukani kwa Saidi. Tukakaa tukingoja. Korali ikaambiwa iimbe, ikaimba ubeti mmoja ikazimika. Mkate ukaletwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukawekwa juu ya kile kitambaa cheupe. Pasteri akaushika.

Hapo mama yangu akasimama. Mwanangu, mama alikuwa mtu wa kimya. Tangu turudi hakuna mtu pale kanisani aliyekuwa amemsikia akisema zaidi ya salamu. Nilimvuta kitenge aketi, akautoa mkono wangu.

"Mume wangu alizikwa ugenini," akasema. "Shamba lile chini ya barabara ni lake. Kama yuko mtu humu ndani asiyejua, asimame aseme hajui, na mimi nitanyamaza mpaka nife."

Aligeuka akawatazama wote, benchi kwa benchi. Watu wakatazama chini. Kisha kutoka nyuma, kibabu mmoja aliyekuwa rafiki wa babu yangu akasema kwa Kirundi, "Turabizi." Tunajua. Akasema mwingine, na mwanamke karibu na dirisha, na mwingine. Turabizi, turabizi. Baadhi walikuwa wanalia. Hawakuwa wamejifunza jambo jipya, walikuwa wanasikia tu midomo yao ikisema walichokuwa nacho moyoni siku zote.

Pasteri Elie akauweka ule mkate chini, akaufunika. "Leo hatutakula," akasema. Kisha akamgeukia mama yangu. "Mama, nimekuhubiria wewe msamaha, na mtu niliyepaswa kumhubiria ni Mzee Zakaria. Nilimwogopa."

Mzee Zakaria akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Nyumba yake yote ikamfuata, na jamaa zake, na wale waliokuwa wakipata kazi kwake. Karibu nusu ya kanisa ilitoka kwa mlango ule.

Natamani ningekwambia kwamba kesho yake alikuja amepiga magoti. Kesho yake alituma watu na ngazi, wakapanda juu ya kanisa wakang'oa mabati yake. Pasteri akatolewa kwenye ile nyumba. Mama Faida akatolewa chumbani, tanuri lake likavunjwa. Mimi na mama tukalala kwa yule kibabu. Wale waliotoka walianzisha kanisa lao kilima cha juu, likajaa haraka, na ngoma zao tulikuwa tunazisikia.

Na sisi? Tulifunga shitingi juu ya kuta, zile plastiki za kambini tulizorudi nazo. Mvua ilipokuja maji yalijaa juu yake, yakatumwagikia katikati ya maombi, tukasogea, tukaendelea. Mama Faida aliazima sufuria, akaoka mkate kwenye mawe matatu, ukaungua upande mmoja. Tuliula. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimekula karamu nyingi za makanisa tangu siku ile.

Shamba lilichukua muda. Komini, ile serikali ya pale kwetu, waliita, wakaahirisha, wakaita tena. Mwishowe wale wote waliosema turabizi kanisani walikwenda wakasema hivyo hivyo mbele ya komini, na tukarudishiwa upande wa kahawa. Ule wa migomba hatukuupata. Mzee Zakaria hakutusalimia tena mpaka kufa kwake, na kama alitubu sijui, hilo liko kati yake na Mungu. Lakini Jumapili moja mkewe Debora aliteremka kutoka kilima cha juu peke yake, kwa miguu, akaja akaketi kando ya mama yangu chini ya ile shitingi. Sahani ya mkate ilipofika, mama akakata kipande, akampa.

Mama Faida alihamia mjini Muyinga, akaanza upya na pipa jingine. Nilipokwenda kumsalimia kabla ya kuolewa nilimuuliza kama alijuta. Akacheka mpaka akakohoa. "Mi nijute nini? Nilipoteza chumba. Chumba iko mingi."

Basi sikia, mwanangu, hili ndilo jibu la swali lako. Kanisa lenye afya ni lile ambamo mnyonge anaweza kusimama akasema ukweli juu ya mkubwa, na watu wasimkalishe. Usihesabu watu waliomo, kule juu walikuwa wengi kuliko sisi. Angalia mahubiri ya msamaha yanaelekezwa benchi lipi. Angalia pasteri anaweza kusema "nilikosea" au hawezi. Angalia nani analima na nani anaombewa kama mgeni. Na ukiona jambo baya usiwe na haraka ya kuhama, maana kila kanisa litakuwa na Zakaria wake. Mwendee peke yake kwanza, kwa heshima. Akikataa, sema mbele ya wote, na ukubali kunyeshewa.

Wazee wa kanisa wananiambia umoja. Umoja naupenda kuliko wao, nimeishi kambini, najua kutawanyika kunavyouma. Ila watu wakinyamazishwa pamoja, huo siuiti umoja, na hakuna kamati ya kanisa itakayonilazimisha niuite hivyo.

Kwani hapa kwetu kukoje? Yule binti wa korali aliyepata mimba amewekwa benchi la nyuma kwa adhabu, na kijana aliyempa mimba bado anapiga gitaa mbele, kwa sababu baba yake ni mkubwa hapa kanisani. Wote tunajua. Mimi nimeshakwenda kwa baba huyo, nikazungumza naye peke yake. Ameniambia mimi ni mzee, nipumzike. Nitapumzika siku watakayonizika. Jumapili hii siketi kwenye kiti changu cha mbele. Naenda kukaa na yule binti, na wakiniuliza sababu, nitasimama niwaambie.

Mungu aliyemtunza mama yangu njia nzima ya kwenda na kurudi akutunze na wewe. Akupe mdomo ambao mabati hayawezi kuununua. Akupe watu wa kukwambia ukweli usoni, na moyo wa kubaki nao baada ya kuambiwa. Akupe chakula cha kugawa, hata kikiungua. Nenda salama, mwanangu. Na ukituona kule nyuma Jumapili, njoo, tutasogea, nafasi ipo.