Kasha Lililomrudisha Kathurima Nanyuki

Kathurima alikuwa fundi wa redio na taipureta mjini Nyeri, mtu wa miaka thelathini na mitatu, na mwaka wa 1998 alianza kujiundia kompyuta ya michezo. Kusema kweli alitaka mchezo mmoja tu, ule wa kurusha ndege. Aliuona katika ofisi moja alikoitwa kutengeneza printa. Karani alimwachia kiti kwa dakika tano, naye akaiangusha ndege mara tatu, na njia nzima ya kurudi dukani hakuwaza kitu kingine.

Alinunua sehemu moja moja kwa miezi minane: mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, diski, kadi ya picha ndefu kama rula. Zote alizihifadhi kwenye katoni ya biskuti juu ya kabati. Ikabaki kasha la kuzitia.

"Si uzipange tu mezani?" mkewe Gaceri, aliyekuwa muuguzi, alimuuliza.

"Zipate vumbi, na chai yako imwagike juu yake?"

Kathurima hakupenda kukisia. Alichukua kadibodi, akaiweka mazabodi juu yake, akafuata kingo kwa penseli na kutoboa kila tundu la skrubu mahali pake. Akakata nyingine ya ukubwa wa ile kadi ya picha. Akaingia madukani na vipande hivyo kwapani kama fundi cherehani mwenye vipimo vya suti.

Katika duka la Maurine alilipata kasha lililomteka roho. Lilikuwa refu, jeupe, na mbele lilikuwa na kidirisha cha nambari nyekundu.

"Ukiwasha, spidi inajiandika hapo," Maurine alisema. "Hii watu wanapenda sana, fundi."

Kathurima alifungua ubavu wake, akaingiza kadibodi. Matundu mengi yalikataa. Kisha akatazama waya za umeme. Zilikuwa na vichwa viwili, na mazabodi yake ilitaka kichwa kimoja kipana.

"Matundu tunaweza kutoboa," Maurine alisema.

"Na umeme je?" Alisimama pale akipitisha kidole juu ya kile kidirisha. Kwa dakika nzima alitafuta sababu ya kulinunua, asiipate. "Hii ni ya bodi za zamani, dada."

Maurine hakubisha. "Za bodi mpya sijaleta. Lakini kuna jamaa Nanyuki, ananunua vitu vya wazungu wakihama. Muulize Kirimi, karibu na soko."

Kathurima alimfahamu Kirimi mmoja. Walikulia pamoja Nkubu, na mwaka wa 1984 walipiga foleni siku moja huko Nanyuki wakitaka kuingia jeshi la anga. Wote wawili walikimbia vizuri, wakapimwa meno na kifua. Ilipofika zamu ya macho, jicho la kushoto la Kathurima lilishindwa kusoma mstari wa chini. Kirimi alibaki uwanjani. Kathurima alirudi nyumbani peke yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga Nanyuki. Mteja wa huko akimwita, alimwambia alete redio Nyeri. Na ndege ikipita juu ya mji, alijua kabisa Kirimi ndiye aliyekuwa ndani.

Alikaa wiki mbili bila kwenda.

"Baba Kendi," Gaceri akamwambia mumewe, "hicho chombo kitaota kutu ndani ya katoni."

Alhamisi akaenda. Alimkuta mtu mnene akifuta friji ya zamani, na yule mtu ndiye aliyemtambua kwanza.

"Kathurima! Ati ni wewe?"

Walishikana mikono kwa muda mrefu, kisha wakazungumzia kasha. Kirimi alilitoa chini ya meza: la kijivu, zito, limekwaruzwa kila upande, halina kidirisha chochote. Kathurima aliweka kadibodi. Matundu yote yakakubali. Kichwa cha umeme kilikuwa kile kile alichokitaka. Akaingiza kipimo cha kadi ya picha, nacho kikagonga kizimba cha chuma cha kushikia diski. Upana wa kidole tu, lakini hakikuingia.

Akakaa chini.

"Niko na msumeno wa chuma," Kirimi alisema.

Walikata sehemu ya chini ya kile kizimba, mmoja akishika, mwingine akikata. Diski ingewekwa juu. Kathurima alipokuwa akisugua kingo kwa tupa, alipata nguvu ya kuuliza.

"Huko juu kukoje?"

"Juu wapi?"

"Si ulikuwa ukiruka?"

Kirimi alimtazama. "Mimi nilikuwa stoo. Miaka kumi na miwili, nikitoa matairi na boliti. Ndege nilipanda mara moja, nikiwa na malaria, nimelazwa chini. Hata dirisha sikuona."

Kathurima aliendelea kusugua, ingawa chuma kilikuwa kimeshalainika. Aliona haya, na chini ya haya hiyo alihisi mwili wake ukiwa mwepesi. Alikuwa amemwonea wivu mtu aliyekuwa akipanga boliti.

"Kuja Jumapili uone hii mashine ikiwaka," akasema.

Kirimi alifika baada ya kanisa, na kilo mbili za nyama. Mara ya kwanza kompyuta ilinguruma bila picha, kwa sababu bati la nyuma ya kasha lilikuwa limepinda na kadi haikukaa sawa. Kathurima alilinyoosha kwa koleo, akabonyeza kadi mpaka ikalia. Picha ikaja.

Kirimi aliiangusha ndege baharini. Akaiangusha tena, kwenye nyumba.

"Inua pua polepole," Kathurima alimwambia, akachukua nafasi yake. Jaribio la nne, magurudumu yaligusa ardhi, ndege ikaruka kidogo, ikatulia. Kirimi alimpiga mgongoni kwa nguvu hadi miwani ikamshuka.

Gaceri aliingia na chai, akaiweka dirishani, mbali na mashine.

"Sogeeni," akasema. "Na mimi nijaribu."

Wakampisha kiti.