Jora la Marekani la Mwalimu Nora

Marekani mpya ina harufu yake. Ni harufu ya dondo, ule wanga wa kukazia nguo, na vumbi la ghala, kavu kidogo, inayobaki puani hata kitambaa kikishakunjwa na kuwekwa. Tabora nguo hiyo ina umri mkubwa kuliko nyumba zetu nyingi. Wazee wa mjini walipenda kusimulia jinsi wapagazi wa misafara walivyolipwa kwa mikono ya marekani, wakaivaa hadi ziwani na kurudi. Mtaani kwetu Isevya, nilipokuwa msichana mdogo ninayeota upya meno ya mbele, kitambaa hicho kilikuwa na kazi moja iliyojulikana na kila mtu, nayo ni sanda. Mtu akinunua jora zima, hapewi hongera.

Aliyelinunua alikuwa Mwalimu Nora. Alikuwa Mmarekani, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe alizozifunga kwa kamba ya kiatu, na alifundisha sanaa katika chuo cha ualimu pale mjini. Kwao alikuwa amechora na kufundisha tangu ujana. Alituambia bila kinyongo kwamba wanafunzi wake kadhaa walipata majina makubwa, naye akabaki kuwa yule aliyewafundisha. Kila Jumamosi alitukusanya watoto wa mtaa barazani kwake, akatugawia rangi, akatukataza kuchora nyumba, ng'ombe na bendera. Tulifurahi kama ndama waliofunguliwa zizini. Picha zake mwenyewe nazo hazikuwa picha za kitu. Ilikuwa bluu iliyoegemea weusi, au wekundu mwingi wenye upenyo mwembamba wa njano, nami nilizipenda kabla sijajua kama inaruhusiwa.

Wazazi wetu walimpenda yeye, si picha. Aliwaalika kuja kuziona, wakaitikia kwa heshima, na siku ilipofika kila mmoja akawa na udhuru. Jambo hilo lilimuuma sana. Jumamosi iliyofuata alitueleza sisi watoto, maana ndio tuliokuwa tukimsikiliza, kwamba angechora picha kubwa na kuwaalika majirani mara moja tena. Wasipokuja, angefungasha brashi zake, arudi kwao, na asichore tena. Niliingiwa na hofu, kwa sababu sikuona Jumamosi zangu zingekuwa na nini bila yeye.

Basi akaenda dukani kununua jora zima la marekani la kuchorea. Mwenye duka, mzee mwenye adabu zake, hakuuliza kitu. Alimpunguzia bei, akamwambia Mungu ampe subira. Mwalimu Nora, aliyejua kwamba picha kubwa zinahitaji subira, akaitikia amina kwa moyo wote. Kutoka hapo akaja kwenye karakana ya baba yangu, aliyekuwa fundi seremala, akaagiza fremu za mninga. Baba si mtu wa maneno mengi, ila jioni ile alimnong'oneza jirani kwamba vipimo ni vya urefu wa mtu mzima, na mama wa watu hataki mfuniko. Tena mume wa Mwalimu Nora, mzee mpole aliyezoea kukaa mlangoni na redio yake, siku hizo alikuwa haonekani. Alikuwa amepanda treni kwenda Kigoma kuliona ziwa. Nilipojaribu kumweleza mama hivyo, aliniambia mambo ya msiba si ya watoto.

Mwalimu Nora akajifungia ndani kuchora. Majirani waliogonga hawakufunguliwa, wakakubaliana kwamba Wazungu huzika kwa kuchelewa, labda ndugu wanangojwa kutoka ng'ambo. Hatimaye akatoka, macho mekundu kwa uchovu, akapita nyumba kwa nyumba akiomba watu waje kwake Jumapili alasiri. Safari hii hakuna aliyetoa udhuru.

Walikuja wote. Wanawake walikuja na mchele, kuni na masufuria makubwa, wakawasha moto uani. Mwalimu Nora alishangaa kuona wageni wa maonyesho wanakuja na kuni, akachukulia kuwa ni ukarimu wa Isevya. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi. Wanawake walivua viatu, wakatandika mikeka sebuleni, wakanyamaza. Picha zilikuwa zimeegemezwa kwenye kuta zote, na hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, kwa hiyo wakazitazama. Hakuna aliyekuwa na haraka. Jirani yetu Bi Mwajuma, mjane aliyeuza vitumbua, alikaa mbele ya ile picha ya bluu na weusi, na baada ya muda machozi yakaanza kumtoka. Mwalimu Nora alisimama pembeni, mikono mdomoni kwa furaha.

Ndipo mumewe alipoingia kutoka stesheni, begi begani na mfuko wa dagaa mkononi, akasalimia watu. Mpishi mmoja aliangusha mwiko. Mambo yalipofafanuliwa, baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka hadharani, alicheka mpaka akashikilia mlango, na kicheko kikaenda sebuleni, uani na barabarani. Hakuna aliyeondoka, kwani wali ulikuwa umeiva. Tulikula pamoja na wale dagaa.

Bi Mwajuma peke yake hakucheka. Alirudi mbele ya picha, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mume wako mzima, mwalimu, alhamdulillahi," alisema. "Sasa mimi hapa nimelilia nini?"

Mwalimu Nora aliweka sahani chini, akamshika mkono. "Sijui, dada yangu. Mimi pia nililia brashi ilipofika hapo."

Brashi hazikufungashwa. Alikaa nasi hadi miguu ilipomshinda, na Jumamosi baraza lake halikututosha.

Siku hizi mimi ndiye mchoraji. Mwaka jana picha zangu zilitundikwa katika ukumbi mzuri Dar es Salaam, wenye taa na vinywaji. Wageni walikuwa wengi na wema. Walisimama mbele ya kila picha muda wa kujipiga selfi, kisha wakaniuliza hii ni picha ya nini, nami nikawajibu kwa maneno ya kisomi niliyofundishwa chuoni. Nilifurahi, sikatai. Lakini nilikuwa nikitupa jicho mlangoni, nikitamani aingie mtu mmoja aliyedhani amekuja msibani.