Mtungi wa Bi Zuhura na Fomu Zangu Safi

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na kila inaponijia masikio hunipata moto. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Fomu unazozishika leo nilizishika mimi kabla yako, na kosa nililolitenda nazo limenizeesha.

Nilikuwa mjini Siyu, katika mradi wa dawa ya maji ya kunywa. Dawa haikutosha kila nyumba, kwa hiyo tulipiga kura hadharani: nyumba zilizotoka zipewe, zisizotoka zingoje, kisha tulinganishe watoto wa pande zote mbili tuone wepi wanaharisha zaidi. Wapo waliosema ile ni kamari. Niliwakatalia, na leo nawakatalia. Kura haimjui mpwa wa mzee wa mtaa, wala haihongwi kwa samaki. Na bila ya hao wanaongoja, utajuaje kama ni dawa iliyowafaa watoto, au ni mvua nzuri tu ya mwaka ule?

Kazi hiyo sikuisomea chuoni. Nilijifundisha kwa simu, peke yangu, na aliyejifundisha huogopa kujulikana kwamba hakufundishwa. Kila fomu niliihesabu mara tatu. Herufi ikipinda, nilinakili ukurasa mzima upya.

Basi nikafika kwa Bi Zuhura, mjane ambaye nyumba yake ilitoka kwenye kura. Barazani kwake palikuwa na mtungi wa sabili, maji ya thawabu ambayo mpita njia yeyote hunywa. Jua lilikuwa kali, nikateka kata moja, nikanywa. Ndipo nilipoisikia ladha ya dawa.

"Bi, dawa mwaitia humu?"

"Niitie wapi, kisahanini?"

"Lakini watoto wa jirani wanakunywa hapa, na nyumba zao hazikutoka kwenye kura."

"Na yako ilitoka?" Alinitazama bila haraka. "Umeyanywa mai yangu. Haya, yatapike, fomu yako ipate kutengenea."

Binti zake waliokaa naye barazani wakacheka. Mimi sikucheka. Naye akalegeza sauti: "Mtoto ana kiu mlangoni pangu, nimuulize kwanza kama ametoka kwenye kura? Andika unaloliona, mwana. Usiandike unalolitaka."

Sikumsikia. Penye swali la kama dawa inawafikia wasiopewa, niliandika hapana. Nyumba nyingine nilizipita nikaiona mitungi kama ule ule, nikaandika hapana, na tena hapana. Fomu zangu zilikuwa safi kuliko za wenzangu wote.

Miezi ikapita, majibu yakatoka: watoto wa pande zote mbili walikuwa sawa. Msimamizi wetu akaitisha mkutano pale pale Siyu, akawatangazia kina mama kwamba dawa haina faida, mradi unafungwa na chupa zilizobaki zinaondolewa. Bi Zuhura alikaa mbele.

Nikasimama. "Bwana, fomu zangu si za kweli."

"Kaa chini. Utaharibu kazi ya watu wote."

"Imeshaharibika. Nimeiharibu mimi."

Sikudai kwamba dawa inaponya, mwanangu, na hilo ulishike vizuri. Nilisema hatujui, kwa sababu waliopewa na wasiopewa walikunywa mtungi mmoja, na asiyejua hana haki ya kufunga mradi. Akaniambia sitapata kazi tena kwake. Nikaendelea kuitaja mitungi, baraza kwa baraza, mpaka ikaisha.

Habari ikawafikia wakubwa wa mradi, na chupa hazikuondolewa. Kura ilipigwa upya, safari hii kwa mitaa: mtaa mzima upewe, au mtaa mzima ungoje. Mimi sikuitwa, nafasi yangu umeipata wewe. Wala sijuti. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuka ningali hai.

Basi nakuusia. Piga kura bila kuona haya, lakini kabla ya kuipiga keti na watu ujue maji yao na chakula chao hupita mlango gani. Kinachochafua fomu yako kiandike kwa wino ule ule. Na wakikwambia ukae chini, maliza kwanza ulilolisimamia.

Mola akupe ulimi usiotetemeka. Na ukitetemeka, akupe kusema hivyo hivyo.