Asiyekuja Kuchukua Moto

Nilishuka kwenye treni kutoka Tabora nikiwa na begi la nguo na mfuko wa karanga, na badala ya kwenda moja kwa moja kwa bibi nikamwambia wa bodaboda anipitishe sokoni kwanza. Rafiki yangu, kama ulilijua soko letu la mtaani hapa Mpanda, usingelitambua. Mabati ya kutu yameondoka. Kuna paa jekundu, sakafu ya marumaru, meza ndefu kama za bwaloni, mabomba ya maji, na kando ya ukuta majiko ya gesi yamejipanga mpaka mwisho. Wauza nyanya na wauza mitumba wamehamia soko lingine. Hapa wamebaki mamalishe peke yao, na watu wameshapaita ukumbi wa chakula. Kesho yake ndiyo ulikuwa unafunguliwa.

Mimi ndiye niliyepaswa kufurahi kuliko wote. Utotoni, chini ya meza ya bibi humohumo sokoni, nilikuwa na hoteli yangu ya vifuniko vya soda, nikiota siku nitakayokuwa na hoteli ya kweli yenye mapazia. Sasa hoteli imekuja, tena kubwa, na moyo wangu hautulii. Bibi alikuwa ameniambia kwenye simu maneno matatu tu: "Mimi humo siingii." Nilishawaona wazee walioacha kazi ghafla. Wanaanza kwa kuacha kazi, halafu wanaacha kula.

Ngoja nikukumbushe soko lilivyokuwa. Asubuhi ulilisikia kabla hujaliona: nyungo zikipepeta mchele uliotoka Usevya, shwa, shwa, kama mvua inayosita. Kulikuwa na harufu ya dagaa na migebuka iliyokaushwa kutoka ziwani, na masika ikifika, uyoga ulimwagwa kwenye majani mpaka njia inakosekana. Treni ikipiga honi, mamalishe wote waliongeza maji kwenye maharage bila kuambiana. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mawe kwenye mchele na kuosha sahani, beseni moja la sabuni, moja la kusuuza. Bibi alisema mteja akitafuna jiwe hamkumbuki mpishi, anamkumbuka aliyechagua. Basi nilichagua kwa hofu ya Mungu.

Lakini kilichokuwa cha sokoni kwetu hasa ni moto. Usiku bibi alifukia makaa kwenye majivu pale nyumbani, na alfajiri aliyachukua kwenye kopo la bati hadi sokoni. Jiko lake ndilo lililokuwa la kwanza kuwaka. Mamalishe wengine walikuja na vipande vya vyungu vilivyovunjika, kila mmoja akachukua kaa lake kwa bibi. Siyo kwamba hapakuwa na kiberiti. Kiberiti kilikuwepo, cha kuwashia taa. Ukija kuchukua moto unasalimia, unaulizwa umelalaje, mtoto anakohoa bado, shamba la Litapunga limepaliliwa? Unajibu, unaondoka na kaa lako. "Kaa moja halichemshi maji," bibi alikuwa akisema, na sikujua kama anasema juu ya makaa au juu ya watu.

Na ilikuwepo sheria ambayo hakuna aliyeitunga: asiyekuja kuchukua moto, anaumwa. Jua likipanda na mtu hajaonekana, bibi alinigeukia. "Hebu nenda kamwangalie." Nilitumwa hivyo mara nyingi mno, na mara nyingi nilimkuta mtu kalala tu, ananifukuza kwa mto. Asubuhi moja nilitumwa kwa jirani yetu wa meza ya pili, aliyekuwa akipika maharage na ndizi kwa namna ya wazee wake waliotoka Burundi. Nilimkuta sakafuni, uchungu umemshika kabla ya wakati, mume yuko shambani, sauti haitoki. Nilikimbia kama sina mifupa. Wanawake waliacha vyungu vikiungua, wakambeba kwa kanga mpaka hospitali. Yule mtoto siku hizi ndiye anayemsaidia mama yake kupakua wali, mrefu kuliko mimi, na kila nikimwona huwa namshukuru kimyakimya kwa kuwa hai.

Kwa hiyo jioni ile, nilipomkuta bibi uani anafukia makaa yake kama kawaida, nilijua anachokiogopa kabla sijauliza.

"Bibi, humo ndani hakuna moshi. Macho yako yatapona."

"Macho yangu yana shida gani? Nimekuona tangu kule barabarani, umekonda."

"Basi kwa nini hutaki?"

Alipigapiga majivu kwa mwiko. "Kila mtu anabonyeza, jiko lake linawaka. Nani atakuja kwangu? Akianguka mtu huko kwake, nitajuaje? Nitakaa kama sanamu, napika wali."

Nilimpa karanga.

Asubuhi ya kufunguliwa bibi aliamka vilevile, akafukua makaa, akayatia kwenye kopo, halafu akakaa kwenye kigoda na lile kopo miguuni. Hakwenda. Mimi nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Jua lilipanda. Chai yake ilipoa bila kuguswa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, yule yule, amevaa aproni mpya, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni, hampiki?"

"Nimetumwa kukuangalia. Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Asiyekuja kwenye moto anaumwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha." Akachuchumaa mbele yake. "Mama, hakuna jiko lililowashwa mpaka sasa. Fundi wa gesi anatuambia bonyezeni, tunamwambia subiri. Amedhani tunaogopa mlipuko, ametueleza upya mpaka sauti imemkauka. Wateja wamejaa, wa bodaboda wanatutukana kwa adabu."

"Nyie mna wazimu," bibi akasema, na alikuwa ameshasimama, anatafuta kitenge chake.

Alitembea mbele yetu na kopo lake mkononi. Mlangoni fundi aliruka kama kaona nyoka. "Bibi, moto huo usiingie humu, nakuomba." Bibi akaliweka nje kando ya ngazi, akafuta miguu, akaingia. Kijana mmoja wa bodaboda, kijiko kimeshatangulia mkononi, akasema, "Bibi, leo tumekula marumaru." Watu wakacheka. Bibi akabonyeza. Moto wa bluu ukazunguka kama ua, yeye akarudi nyuma kidogo, kisha akasogea. Na mamalishe, mmoja mmoja, wakapita kwake mikono mitupu. Shikamoo. Umelalaje. Goti la mzee vipi. Ndipo kila mmoja akaenda kubonyeza lake.

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Tabora. Nilichukua ungo nikaanza kuchagua mchele, ingawa ulikuwa wa mfuko, uliochambuliwa na mashine. Sikuona jiwe hata moja. Nilikaribia kusikitika.

Maana yapo yaliyokwenda, sitakuficha. Vipande vya vyungu havina kazi. Uyoga haumwagwi tena njiani, na ladha ile ya moshi kwenye maharage sidhani kama itarudi. Mchana nilipotoka kumwaga maji nililiona kopo la bibi kando ya ngazi. Makaa yalikuwa yameshakuwa majivu. Nililiosha, nikalirudisha nyumbani. Bibi alilipokea, akapandia kitunguu.

Sasa nimerudi Tabora kwenye cherehani yangu, na ile hoteli yenye mapazia bado naiota. Mapazia nimeshaanza kuyashona. Kila asubuhi kabla sijakanyaga cherehani nampigia bibi. Juzi nilipitiwa na usingizi. Simu ikaniamsha, na nyuma ya sauti yake nikasikia sahani, watu, na maji ya bomba yakimwagika.

"Jua limeshapanda," akasema. "Mbona hujaja kuchukua moto?"