Ishara Niliyoshindwa Kuirudisha

Siku yangu ya kwanza kazini tulisimama watu wanne mbele ya gari la zimamoto pale Songea: Sajini Komba, mkuu wa zamu; Mzee Mbawala, dereva; Haule, mshika mpira wa maji; na mimi, Ngonyani, niliyeacha shule darasa la sita baada ya wazazi kufariki na kuniachia wadogo watatu.

Sajini aliwasha pampu, akaniambia kitu. Sikusikia. Akaizima.

"Nimesema nini?"

"Sijasikia, afande."

"Hata Haule akiungua hutamsikia. Una macho, au hayo ni mapambo?"

Mzee Mbawala alicheka hadi akakohoa.

Vijana wa leo wana redio begani. Sisi tulikuwa na mikono. Mshika mpira akiinua mkono, kiganja wazi, anataka maji. Akishusha kiganja taratibu, nguvu ya maji ipunguzwe. Akipishanisha mikono kifuani, funga. Mimi wa kwenye pampu nilipaswa kuirudisha kila ishara vilevile, ili ajue nimeiona. Na kanuni kubwa ilikuwa moja: usimwondolee macho mshika mpira.

Haule alikuwa na vidole virefu, na ishara zake zilisomeka hata ndani ya moshi. Tulizoeana hadi tukawa tunataniana kwa mikono kutoka pande mbili za uwanja. Akijipapasa tumbo, najua mkewe ameleta ugali na dagaa, na sahani yangu ipo. Naikumbuka mikono ile kuliko sauti yake.

Mchana mmoja maduka yaliwaka moto mtaa wa Lizaboni. Chumba tulichopanga mimi na wadogo zangu kilikuwa nyuma ya maduka hayohayo. Haule alipanda ngazi na mpira, akaomba maji, nikampa. Kisha nikageuka kuwatafuta wadogo zangu. Nikamwona Stella kwenye umati, wadogo zetu wawili kando yake, anatafuna muwa. Niliporudisha macho, ngazi ilikuwa tupu. Haule alikuwa ameshusha kiganja, akangoja, hakujibiwa. Nguvu ya maji ilimtupa chini, bega likavunjika.

Sajini aliinama juu yake. "Haule, ulitoa ishara?"

Haule aliniangalia. "Sikutoa, afande. Nilisahau."

Hospitalini nilimuuliza, "Mbona ulisema vile, kaka?"

"Ukifukuzwa wewe, wale watoto watakula nini? Mimi wataniweka kwenye simu, nipokee taarifa za moto. Simu haiunguzi mtu. Nenda, umenizibia feni."

Kweli aliwekwa kwenye simu, na hapo ndipo alipostaafia. Mpira hakuushika tena. Mimi nilipanda cheo, nikawa mwalimu wa ishara. Wadogo zangu walisoma wote. Stella ni muuguzi. Kila walipokuja vijana wapya, Sajini, na wakubwa waliomfuata, waliwaonya: "Msiwe kama Haule aliyesahau ishara." Nilikuwa nimesimama pembeni, viatu vinang'aa.

Sasa nimestaafu, na usiku siwazi moto. Nawaza mikono ya Haule. Kiharusi kimemnyang'anya maneno na upande wa kushoto. Majuzi nilimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Mjimwema.

"Shikamoo, kaka."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia nataka kwenda kituoni kusema ukweli, ila kila nikifika getini nageuza. Alinisikiliza. Kisha kwa mkono wake mzima akaunyanyua ule uliokufa, akauweka kifuani, akapishanisha mzima juu yake. Funga.

Safari hii niliiona. Akaniangalia, anangoja niirudishe, kama enzi zile.

Mikono yangu ilibaki magotini. Sikuweza kuirudisha wakati vijana wa kituoni bado wanalitaja jina lake kama jina la mzembe. Kwanza nisimame mbele yao niseme ni mimi niliyegeuka. Mpaka siku hiyo, nadaiwa na Haule ishara mbili: ile ya Lizaboni, na hii.